Lenzi ya fremu kamili kwenye kamera ya kropu: dalili, sababu na pa kuanzia kuangalia

Lenzi ikigoma Lamu, fundi hayuko mtaa wa pili. Itavushwa kwa boti hadi Mokowe, ipandishwe basi hadi Mombasa, na pengine ifike Nairobi, na harusi ya Ijumaa haikungoji. Malindi mna afadhali ya barabara tu. Ndiyo maana inafaa kujua mapema kwamba malalamiko mengi kuhusu lenzi za fremu kamili (zilizotengenezwa kwa kamera zenye sensa kubwa, yaani kipande kinachopokea picha) zinazofungwa kwenye kamera za kropu (zenye sensa ndogo zaidi) hayatokani na ubovu wa lenzi. Hutokana na udogo wa sensa, swichi iliyosahauliwa, au chumvi iliyoganda kwenye vigusio vya umeme vya lenzi. Yanayobaki ni ya fundi kweli, nayo yana dalili zake.

Kwanza hesabu moja, maana mengi yatarudi hapo. Sensa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Kropu ya Canon ina takriban 22.3 kwa 14.9, ya Nikon (DX), Sony, Fujifilm na Pentax ni karibu 23.5 kwa 15.6. Lenzi inatupa duara lile lile la picha, ila kamera ya kropu inachukua sehemu ya katikati na kuacha kingo. Kujua mwonekano utakaopata, zidisha urefu wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi) kwa 1.6 kama ni Canon, au 1.5 kama ni hizo nyingine. Kinachobadilika ni mwonekano peke yake: lenzi ya 50 mm inabaki 50 mm, na tundu (uwazi unaopitisha mwanga) la f/2.8 linabaki f/2.8 kwa upande wa mwanga. Lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya kropu, kama EF-S za Canon na DX za Nikon, nazo zimeandikwa urefu wake halisi, kwa hiyo 18-55 mm yako nayo inazidishwa. Ukifunga 50 mm ya fremu kamili na 50 mm ya kropu kwenye kamera moja, utaona kitu kile kile.

"INAVUTA MNO, WATU HAWAINGII"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila mahali, na Lamu lina uzito zaidi kwa sababu ya nyumba zenyewe. Vyumba vya nyumba za kale vimeezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mara nyingi mita 2.5 hadi 3. Sasa bi harusi amesimama, nawe unataka kimo cha mita 2 ndani ya picha ili kibaki kidogo juu ya kichwa na chini ya miguu. Kamera ikiwa wima, Canon ya kropu yenye 50 mm inataka umbali wa mita 4.5 hivi. Lenzi ile ile kwenye fremu kamili ingetosheka na mita 2.8. Ukifunga 35 mm unahitaji mita 3.1, kwa 24 mm, mita 2.2, na 10-18 mm ikiwa kwenye 18, mita 1.6 inatosha.

Kanuni ni hii: chukua kimo unachotaka kwa milimita, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawa kwa upande mrefu wa sensa (22.3 au 23.5). Kisha ongeza sentimita 30 za kamera na kichwa chako mwenyewe, ambazo watu huzisahau mpaka mgongo ugonge ukuta.

Sababu, kuanzia ile ya kawaida zaidi:

Upana tu, hakuna kilichoharibika. Zoom ya 24-70 mm kwenye Canon ya kropu inaonekana kama 38-112. 24-105 inakuwa 38-168. 70-200 inakuwa 112-320. Hiyo ya mwisho ni neema kwa anayepiga mashindano ya mashua akiwa ufukweni, lakini ndani ya nyumba ni balaa. Kabla ya kununua chochote, jaribu kupiga kwa urefu wa chumba badala ya upana, au simama uani na upige kupitia mlango ulio wazi. Kwa mlango wa nakshi kwenye kichochoro, piga picha mbili au tatu za kulala, ukianza chini na kupanda juu huku zikipishana kwa theluthi moja, kisha ziunganishe kwenye programu. Dawa ya kudumu ni lenzi pana ya kropu, kwa mfano EF-S 10-18 mm ya Canon. Kununua 16-35 mm ya fremu kamili kwa ajili ya kamera ya kropu peke yake ni kulipia kioo usichokitumia: utabeba uzito wake wote upate 26-56. Inafaa tu kama una nia ya kweli ya kuhamia fremu kamili.

Video inakata mara ya pili. Picha za kawaida ziko sawa, lakini ukiwasha video mambo yanasogea zaidi. Baadhi ya kamera zikiwa kwenye 4K hutumia sehemu ya katikati ya sensa ambayo tayari ni ndogo. Canon M50 ni mfano unaojulikana: 4K yake inakata tena kwa karibu 1.6, hivyo 24 mm inaonekana kama 61. Utulizaji wa kidijitali wa video nao unakata kidogo. Badilisha uende Full HD, zima utulizaji huo, utazame kama picha imefunguka.

Zoom iko kwenye urefu wa fokasi usio sahihi. Unacheka, lakini pete ya zoom husogezwa na mkanda wa begi. Angalia namba kabla ya kulaumu sensa.

"HAIINGII", AU IMEINGIA NA KAMERA INAANDIKA KOSA

Lenzi isipoingia, usiongeze nguvu. DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) ya Canon ya kropu ina alama mbili kwenye maunti (mdomo wa kamera unaofungia lenzi), doti nyekundu na mraba mweupe. Lenzi ya fremu kamili (EF) inalinganishwa na doti nyekundu; mraba ni wa EF-S. Canon inafungwa kwa kuzungushwa mwendo wa saa ukiitazama kamera kwa mbele, Nikon inakwenda kinyume. Aliyezoea moja hupigana na nyingine bure. Lenzi za EF haziingii moja kwa moja kwenye R50, R10 au R7. Zinataka adapta ya EF-EOS R, na kamera za M zina adapta yake nyingine. Lenzi za Nikon F kwenye Z50, Z fc au Z30 zinataka adapta ya FTZ. Lenzi za Sony FE zinaingia kwenye A6000 na ndugu zake bila kitu cha kati.

Tahadhari moja kwa wanaookota lenzi za kale za mtumba: lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazikurekebishwa zinaweza kuvunja kijipini kilicho ukingoni mwa maunti kwenye kamera kama D7000 au D7100. Ukiona upinzani, toa.

Nikon ikiandika FEE. Hili si kosa la umeme. Lenzi ya AF-D ina pete ya tundu, na kamera inataka pete hiyo iwe kwenye namba kubwa kabisa, kwa kawaida 16, 22 au 32, mara nyingi ikiwa na rangi ya chungwa. Izungushe hadi mwisho na ufunge kile kifungio kidogo. Baada ya hapo tundu linaendeshwa kutoka kwenye kamera. Ikiandika F-- badala yake, kamera haiongei na lenzi kabisa: ama haijafika mwisho na kulia klik, ama vigusio ni vichafu, ama ni lenzi ya zamani isiyo na vigusio.

Canon ikiandika Err 01. Maana yake mawasiliano ya kamera na lenzi yamekatika. Fuata mpangilio huu:

1. Zima kamera, toa betri kwa dakika moja, toa lenzi, rudisha vyote mpaka usikie klik.
2. Safisha vigusio vya rangi ya dhahabu nyuma ya lenzi na ndani ya maunti. Kamera iwe imetazama chini ili uchafu usidondokee sensa. Anza na kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Chumvi ikikataa, weka matone mawili ya pombe ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa, kamwe si kwenye lenzi, upanguse na kuacha ikauke. Msasa na ncha ya kisu ni marufuku. Kifutio cha penseli kinasafisha vizuri, ila mabaki yake huingia kwenye chumba cha kioo, na huko utatafuta tatizo jingine.
3. Funga lenzi nyingine. Kosa likitoweka, shida iko kwenye lenzi ya kwanza. Likibaki, shida ni kamera.
4. Piga tundu likiwa wazi kabisa, mathalani f/4, kisha piga f/8. Ikifanya kazi kwenye f/4 na kugoma kwenye f/8, visu vya tundu au utepe wake wa umeme vimekufa. Lenzi bado itakufaa ikiwa wazi mpaka ufike kwa fundi, lakini usijaribu kuifungua mwenyewe.

Vigusio vikiwa na kijani kisichotoka kwa pombe, hiyo ni kutu ya maji ya bahari na ni kazi ya fundi. Usikwangue.

Kwa wenye Nikon za zamani kuna kikwazo kingine: lenzi zenye herufi E baada ya namba ya f, kama f/4.5-5.6E, tundu lake linaendeshwa kwa umeme, na kamera kama D80, D90 au D3000 haziwezi kulifunga. Picha zitatoka nyeupe kila ukipandisha namba ya f. Hapo hakuna cha kurekebisha, ni kubadilishana lenzi.

"FOKASI HAISOGEI"

Anza na swichi ya AF/MF (fokasi ya kamera yenyewe au ya mkono) ubavuni mwa lenzi. Inasogezwa na begi kuliko inavyosogezwa na mikono. Kwenye Nikon za safu ya D7000 ipo na nyingine mbele ya kamera. Zote mbili ziwe AF.

Kama swichi ziko sawa na kamera ni Nikon, soma jina la lenzi. AF-S ina mota yake. AF au AF-D haina. Inategemea mota ya kamera, na kamera za D3000 hadi D3500, D5000 hadi D5600, pamoja na D40 na D60, hazina mota hiyo. FTZ nayo haina. Kwa hiyo ile 50 mm f/1.8D ya bei nzuri, au 80-200 mm f/2.8D ya mtumba, kwenye D3300 itabaki ya kuzungusha kwa mkono. Chungulia ukingo wa maunti ya kamera: kama kuna kijipini cha chuma chenye ncha bapa kinachoingia kwenye lenzi, kamera yako ina mota. Kama hakuna, zungusha pete taratibu huku umebonyeza shata nusu, na doti ya kijani chini ya dirisha la kuangalilia itawaka fokasi ikikaa. Kwa picha za milango na magofu ya Takwa inatosha kabisa. Kwa punda anayekuja mbio haitoshi.

Kisha kuna swichi ya mpaka wa fokasi kwenye lenzi ndefu. Ikiwa kwenye 2.5 m hadi ∞, na mzee unayempiga amekaa barazani mita 2 mbele yako, lenzi itakwenda na kurudi bila kutua. Irudishe kwenye FULL, au rudi nyuma. Hata bila swichi hiyo kila lenzi ina umbali wake mfupi kabisa, mara nyingi mita 1.2 au zaidi kwa 70-200, na watu huchukulia kuwa kropu inakusogeza karibu. Haisogezi kitu, inakata tu.

Ukiwa umeweka kizidishio cha 2x kwenye lenzi ya f/4, umebaki na f/8, na DSLR nyingi za kropu haziwezi kufokasi zaidi ya f/5.6. Kiondoe ujaribu tena.

Ukisikia mkwaruzo, au lenzi inasogea robo ya njia na kukwama, simama. Mchanga umeshaingia. Kila mzunguko unaoongeza unakula meno ya gia.

"PICHA HAZINA MAKALI"

Hapa ndipo lenzi nyingi nzuri huuzwa kwa hasira. Kabla ya kulaumu kioo, fungua picha kwa asilimia 100 uangalie ni ukosefu gani wa makali. Kila kitu kikiwa kimeburuzwa upande mmoja, ni mtikiso. Kitu fulani kikiwa kikali lakini sicho ulichokusudia, ni fokasi. Upande wa kulia ukiwa mkali na wa kushoto umelegea kwenye ukuta ulio sawa mbele yako, vioo vya ndani vimehama, na hiyo ni ya fundi. Hakuna kikali popote wala dalili ya mburuzo? Angalia filta, mafuta ya vidole, au hewa ya joto.

Mtikiso ni sababu namba moja, na kropu inauzidisha kwa sababu inakuza sehemu ndogo. Kasi ya shata isiwe chini ya 1 gawa kwa urefu wa fokasi ukishazidishwa: 50 mm kwenye Canon inataka 1/80, 200 mm inataka 1/320. Kamera za megapikseli 24 zina vidoti vilivyobanana hivi kwamba, ukitaka makali ya kukata, ongeza mara mbili: 1/160 na 1/640. Utulizaji wa lenzi unafanya kazi kwenye kropu kama kawaida, ila hautulizi mtu anayecheza. Kwenye usiku wa Maulidi, vijana wakiwa kwenye goma, ni heri kupandisha ISO hadi 3200 na kubaki na 1/250, kuliko kushusha shata. Ukiwa ndani ya boti usiutegemee kabisa. Anza na 1/1000. Na kamera ikiwa kwenye tripodi, uzime kama lenzi ni ya kizazi cha zamani, kwa sababu baadhi yake hutetemeka zenyewe zikikosa mtikiso wa kutuliza.

Kina cha fokasi ni sababu ya pili na haina ubovu wowote. Chukua mlango wa Kilamu: mfaa, yaani nguzo ya katikati, umetokeza mbele ya mbao za mlango, na nakshi zake zina mabonde na vilima. Ukisimama mita 1 na 50 mm ikiwa f/1.8, kina chako chote ni kama sentimita 2.6. Ukilenga uso wa mfaa, mbao za nyuma yake zitalegea, na mtu atasema lenzi imekufa. Funga hadi f/8 na kina kinafika karibu sentimita 11. Lenzi nyingi za fremu kamili ziko kwenye ubora wake kati ya f/5.6 na f/8. Kuanzia f/11 kwenye kropu ya megapikseli 24 mwanga unaanza kutawanyika na makali yanapungua tena. Kufunga f/22 "ili kila kitu kiwe wazi" ni kujipunja.

Fokasi kukaa mbele au nyuma ya shabaha hutokea kwenye DSLR, ambazo hupima fokasi kwa sensa ya pembeni. Jaribio lake: kamera kwenye tripodi, tundu wazi kabisa, gazeti limebandikwa ukutani na rula imelazwa kwa mshazari kando yake. Umbali uwe mara 50 ya urefu wa fokasi: mita 2.5 kwa 50 mm, mita 10 kwa 200 mm. Piga tano kwa kutumia dirisha la kuangalilia, ukiharibu fokasi kabla ya kila moja, kisha piga tano kwa Live View (kutazama kwenye skrini ya nyuma) ukikuza mara 10. Za Live View zikiwa kali na za dirisha zikiwa zimelegea kila mara upande ule ule, tafuta kwenye menyu "AF Microadjustment" (Canon 7D, 70D, 80D, 90D) au "AF Fine-tune" (Nikon safu ya D7000, D7500, D500). Sogeza hatua 5, jaribu, kisha rekebisha kwa hatua moja moja. Ukifika 20 bado haijakaa, si jambo la menyu tena. Canon kama 700D au 1300D na Nikon za D3000 na D5000 hazina menyu hiyo. Tumia Live View kwa picha za utulivu. Kamera zisizo na kioo hazina ugonjwa huu, maana zinapima fokasi kwenye sensa yenyewe ya picha.

Filta ya bei ya kutupa inaua makali kwenye 200 mm hata kama kwenye 24 mm huoni tofauti. Itoe, piga tena, linganisha. Dakika mbili tu.

Hewa ya joto nayo: ukipiga kutoka ukuta wa Lamu kuvuka mkondo hadi Manda saa saba mchana, hewa juu ya maji inacheza, na hakuna lenzi wala tripodi itakayoituliza. Rudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Baada ya yote hayo, ikiwa katikati ya picha pamelegea hata kwenye f/8, Live View na tripodi, basi kweli ni lenzi. Fahamu tu kwamba megapikseli 24 kwenye kropu ya 1.5 zimebanana sawa na megapikseli 54 kwenye fremu kamili. Lenzi ya enzi za filamu haikutengenezwa kutazamwa kwa ukaribu huo. Chapisha A4 kabla ya kuitupa.

"PICHA NI NYEUPE-NYEUPE, HAZINA RANGI"

Kuta za chokaa, mchanga wa Shela, bahari ya mchana: mwanga unatoka kila upande. Lenzi ya fremu kamili inaingiza duara kubwa kuliko sensa, na mwanga unaobaki nje unagonga kuta za ndani ya kamera na kurudi kama utando. Hudi (kikinga mwanga cha mbele) iliyokuja na lenzi nayo imekatwa fupi ili isionekane kwenye fremu kamili, kwa hiyo kwenye kropu inakinga nusu ya inavyoweza. Zungushia karatasi nyeusi isiyong'aa kwenye hudi, ongeza sentimita 1 kila mara, na pembe zikianza kuwa nyeusi rudisha moja nyuma. Zoom ifanye ikiwa kwenye upana wake wa mwisho. Mkono juu ya lenzi pia unafaa, usipoingia kwenye picha.

Sababu ya pili ni chumvi. Upepo ukivuma kutoka baharini, kioo cha mbele kinapata utando ndani ya nusu saa. Usiupanguse kwa shati. Punje za chumvi na mchanga zinachora kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa cha microfiber chenye maji safi kidogo au dawa ya lenzi, kwa mwendo wa duara kutoka katikati, na mwisho kitambaa kikavu. Kioo kikipata mvuke ghafla baada ya kutoka chumba chenye AC, usifute wala usibadilishe lenzi. Ili isitokee tena, ifunge ndani ya begi ungali chumbani, na ukishatoka iache humo kama nusu saa kabla ya kuitoa.

Sababu ya tatu ni kuvu, na pwani ndiyo nyumbani kwake. Toa lenzi, fungua tundu, mulika tochi kutokea nyuma huku ukitazama kwa mbele kwa mshazari. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ndizo zenyewe. Vumbi la punje chache si tatizo. Kuvu iliyo kwenye kioo cha nje inaweza kufutwa. Iliyo ndani ni ya fundi, mapema, kabla haijala rangi ya kinga ya kioo. Lenzi hiyo isikae kisanduku kimoja na nyingine.

Kinga yake haina gharama kubwa: kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli, na kipimo kidogo cha unyevu. Weka asilimia 40 hadi 50. Jeli ya chungwa ikigeuka kijani, au ya buluu ikigeuka waridi, imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi. Ile ya buluu ina kobalti, ni sumu, usiikaushe kwenye sufuria ya chakula.

KIVULI CHA NUSU DUARA CHINI YA PICHA

Ukitumia fleshi ya juu ya kamera ndani ya nyumba na chini ya picha kuna giza la duara, lenzi yako kubwa ndiyo inayozuia mwanga. Toa hudi. Bado? Rudi nyuma na uzoom kidogo. Bado? Hiyo lenzi haiendi na fleshi hiyo. Tumia fleshi ya nje iliyo juu zaidi na uipigishe kwenye ukuta mweupe.

PEMBE NYEUSI

Lenzi ya fremu kamili kwenye kropu haina sababu ya kutoa pembe nyeusi, hivyo ukiziona kuna kitu cha kutoa: hudi iliyofungwa vibaya, filta mbili juu ya nyingine, au adapta nyembamba. La sivyo, lenzi uliyouziwa si ya fremu kamili wala ya kropu yako.

"NYUMA HAILAINIKI KAMA YA WENZANGU"

Kwa sababu umerudi nyuma kupata fremu ile ile. 50 mm f/1.8 kwenye Canon ya kropu inatoa ulaini wa karibu 80 mm f/2.9 kwenye fremu kamili. Msogeze mtu mbali na ukuta. Mita 3 za nafasi nyuma yake zinafanya zaidi ya lenzi mpya.

MAUNTI INACHEZA, PETE INAKWARUZA

Lenzi kuzunguka kidogo sana ikiwa imefungwa ni kawaida. Ikicheza juu na chini, skrubu za maunti zimelegea au bodi imepinda. 70-200 mm f/2.8 ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kamera ndogo ya plastiki haikujengwa kuibeba kwa shingo. Shika lenzi, si kamera. Funga tripodi kwenye pete ya lenzi. Begani ining'inie kwa lenzi. Skrubu usiziguse: vichwa vyake ni vya kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida ya nyota huviharibu.

Pete ikikwaruza mchanga, puliza kwenye ukingo wake ukiwa umeielekeza chini, usiizungushe zaidi, na usimwagie mafuta ya aina yoyote. Mafuta hushuka kwenye visu vya tundu.

PA KUACHA MIKONO

Kamera au lenzi ikitumbukia baharini, toa betri papo hapo. Usiiwashe kuona kama bado inafanya kazi, usiichaji, na usiizike kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi za umeme ndani ya saa chache. Ipanguse nje, ifunge, ipelekwe siku hiyo hiyo.

Kamera yenye fleshi ya ndani isifunguliwe nyumbani hata betri ikiwa nje. Kapasita ya fleshi inaweza kubaki na volti karibu 300 kwa muda mrefu, na imeshawarusha mafundi wenye uzoefu.

Ukituma lenzi yenye tatizo la fokasi, tuma na kamera yake. Fundi akipata lenzi peke yake ataipima kwenye bodi nyingine, aikute sawa, na irudi Lamu na ugonjwa ule ule. Weka ndani ya mzigo kadi yenye picha tano za jaribio la gazeti, andika kwenye karatasi namba ya f, kasi ya shata na umbali uliotumia, na ufunge kila kitu kwenye mfuko usioingiza maji: kipande cha kutoka Lamu hadi Mokowe ndicho chenye mawimbi.